Ruzuku ya korona kwa wakulima wa Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wetu wanaolima Marekani, kuanzia Lewiston kule Maine mpaka Kansas City na Boise, wengi walisikia habari za hela hii dirisha la maombi likiwa limeshafungwa. Wengine waliipata, ila mpaka leo hawajui ilipigiwa hesabu gani. Ukurasa huu ni wa wote hao, pamoja na ndugu walioko nyumbani wanaouliza kwa nini serikali ilimlipa mtu aliyekuwa akimwaga maziwa mtaroni. Mimi si wakili. Nimesaidia watu kujaza fomu, na majibu haya yanatokana na kanuni za mpango wenyewe na yale niliyoyaona mezani.

Ni hela gani hasa?

Ni CFAP, yaani Coronavirus Food Assistance Program, mpango wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA. Ulitangazwa Aprili 17, 2020, waziri akiwa Sonny Perdue. Zilikuwa dola bilioni 19: bilioni 16 za kuwalipa wakulima na wafugaji moja kwa moja, na bilioni 3 za kununua chakula na kukigawa kwenye masanduku kwa wenye uhitaji.

Malipo yalikuja kwa awamu mbili. Ya kwanza ilipokea maombi kuanzia Mei 26 hadi Septemba 11, 2020. Ya pili ilianza Septemba 21 na kufungwa Desemba 11 mwaka huohuo, ikiwa na hadi dola bilioni 14 nyingine. Serikali ilipobadilika, waziri mpya Tom Vilsack aliifungua tena awamu ya pili Aprili 5, 2021.

Naweza kuomba sasa?

Hapana. Dirisha la mwisho lilifungwa Oktoba 12, 2021. Mtu akikuambia leo kwamba anaweza "kukuingiza" CFAP kwa ada kidogo, shika pochi yako.

Watu walikuwa na njaa, foleni za chakula cha msaada zilikuwa ndefu. Kwa nini wakulima walipwe kwa mazao waliyoyatupa?

Chakula kilikuwepo. Kilichoziba ni njia. Maziwa ya shule hufungashwa kwenye paketi ndogo za karatasi na kiwanda chenye mashine za paketi hizo. Ya hoteli na mikahawa huenda kwa mapipa na mifuko mikubwa. Machi 2020 shule zikafungwa, mikahawa ikafungwa, na kiwanda kile hakingeweza kugeuka usiku mmoja kianze kujaza madumu ya galoni moja ya kuuza dukani. Ng'ombe naye hajui kuna korona. Usipomkamua anaugua kiwele. Basi lori likawa halina pa kushusha, mkulima akafungua koki. Ushirika mkubwa wa maziwa wa nchi hiyo, Dairy Farmers of America, ulikadiria Aprili ile kwamba huenda galoni milioni 3.7 zilikuwa zikimwagwa kila siku.

Kwa nguruwe ilikuwa mbaya zaidi. Machinjio ya Smithfield ya Sioux Falls, South Dakota, yalifungwa Aprili 2020 baada ya mamia ya wafanyakazi kuambukizwa, na mengine yakafuata. Nguruwe wa kibiashara hupangiwa wiki ya kuchinjwa tangu anazaliwa. Wiki ikipita anazidi ukubwa wa mashine, na banda linahitajika kwa watoto wanaokuja nyuma yake. Wafugaji waliishia kuwaua na kuwafukia. Aprili 28 Rais Trump alitia saini amri ya kuyataka machinjio yaendelee na kazi, lakini amri haimponyi mfanyakazi aliyelala hospitali.

Kwa hiyo hesabu ya USDA haikuwa "umetupa kiasi gani?" Swali lake lilikuwa: bei ya zao hili kitaifa imeanguka kwa asilimia ngapi kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili 2020? Ikianguka kwa asilimia 5 au zaidi, zao limeingia. Lishike hilo, kwa sababu ndipo mkulima mdogo wa soko la mtaani alipoanza kupotea.

Awamu ya kwanza ilipigaje hesabu?

Kwa kichwa cha mnyama, kwa ratili, kwa busheli (kipimo cha nafaka). Chukua mfugaji wa maziwa aliyekamua ratili 160,000 katika miezi mitatu ya kwanza ya 2020. Hao ni kama ng'ombe thelathini, si mtu mkubwa. Maziwa yalihesabiwa kwa ratili mia mia, kwa hiyo ana mia 1,600. Kila mia ilizidishwa kwa dola 4.71, ikatoka 7,536. Halafu zile 1,600 zikaongezwa kidogo, mara 1.014, kukisia maziwa ya robo iliyofuata, kisha zikazidishwa kwa dola 1.47: ikatoka 2,384.93. Jumla dola 9,920.93.

Hakupewa zote. Alipata kwanza asilimia 80, dola 7,936.74, kwa sababu wizara iliogopa mfuko ungekauka kabla watu hawajaisha. Mfuko haukukauka, na Agosti 2020 ile asilimia 20 iliyobaki ikaanza kulipwa bila kuombwa upya. Kuna waliodhani ni makosa ya benki, wakaziacha zikae wakisubiri zirudishwe.

Nilikuwa na bustani ya mboga. Mbona awamu ya kwanza sikupata kitu?

Angalia tarehe. Mboga zilihesabiwa kwa zilizouzwa, zilizoharibika njiani, au zilizobaki shambani kati ya Januari 15 na Aprili 15, 2020. Kwa mkulima wa Florida au California huo ndio msimu wenyewe. Maine, Januari 15 hadi Aprili 15 shamba liko chini ya theluji na mbegu ziko kwenye trei dirishani. Hukuwa na cha kuuza, kwa hiyo kwa macho ya fomu hukupoteza kitu.

Jambo la pili ni lile la bei ya taifa. Mtu anayeuza mchicha (lengalenga kwa Wakongo), matembele na nyanya chungu kwa mikahawa miwili na soko la Jumamosi hakuumizwa na bei ya jumla. Aliumizwa na mikahawa kufungwa na soko kufungwa. Bei anayoitegemea yeye haipo kwenye jedwali lolote la wizara. Mashamba yanayouza kwa majirani yalilalamika sana juu ya hili, na kwa maoni yangu yalikuwa na haki.

Awamu ya pili ilibadilika nini?

Kwa mkulima mdogo, ilibadilika karibu kila kitu. Mboga, matunda, maua, miche, samaki wa kufugwa na mbuzi vilihesabiwa kwa mauzo ya mwaka mzima wa 2019. Haikukupasa uthibitishe kwamba bei imeanguka. Dola 49,999 za kwanza za mauzo zililipiwa asilimia 10.6. Kutoka 50,000 hadi 99,999, asilimia 9.9. Kutoka 100,000 hadi 499,999, asilimia 9.7, kisha 9.0 hadi 999,999, na kuanzia milioni moja, 8.8. Hesabu hupandwa kama ngazi, kama kodi ya mapato: aliyeuza dola 75,000 alipata asilimia 10.6 ya zile 49,999 za kwanza na 9.9 ya zilizobaki, jumla kama dola 7,775.

Mbuzi nawataja makusudi. Awamu ya kwanza ilikuwa na kondoo tu. Mfugaji aliyeuza mbuzi wa dola 8,000 mwaka 2019, wengi wao wa Idi na harusi, hakupata senti kwenye awamu ya kwanza, na kwenye ya pili alistahili dola 848. Lakini mbuzi wa kuzalisha hawakuhesabiwa.

Ng'ombe wa nyama walikuwa dola 55 kwa kichwa, nguruwe 23, kondoo 27, kwa idadi ya juu kabisa uliyokuwa nayo siku moja utakayoichagua mwenyewe kati ya Aprili 16 na Agosti 31, 2020. Hapo pia wanyama wa kuzalisha walitolewa.

Na mayai?

Senti 5 kwa dazeni, tena kwa asilimia 75 tu ya mayai ya 2019. Mama mwenye kuku 200, wanaotaga kama dazeni 4,000 kwa mwaka, alilipwa kwa dazeni 3,000: dola 150. Yai lake yeye anauza dola 4 au 5 dazeni mlangoni. Mmoja alinirudishia fomu kabla hatujamaliza akasema, "Baba, petroli ya kwenda kuchukua hizo karatasi imezidi." Hakukosea sana.

Nilianza kulima 2020. Sina mauzo ya 2019.

Ulikuwa unastahili, kwa mauzo halisi ya 2020 mpaka siku ya kuomba. Wengi hawakujua hili, na ndio waliokuwa wakihitaji kuliko wote.

Natengeneza pilipili ya chupa na jemu. Ilihesabiwaje?

Kilichohesabiwa ni zao ghafi ulilolima mwenyewe. Ukiuza chupa ya pilipili kwa dola 8, unaandika thamani ya pilipili zilizomo. Chupa, siki na jasho la jikoni havimo. Na kama ulinunua matikiti kwa jirani ukauza mezani kwako, hayo yanatoka kabisa kwenye hesabu.

Shamba si langu, nimekodi. Nani alistahili?

Anayebeba hasara. Kanuni inamtaka mzalishaji awe na sehemu katika hatari ya kulima na haki ya sehemu ya mazao yanayokwenda sokoni. Mwenye ardhi anayepokea kodi ya fedha taslimu, mvua inyeshe isinyeshe, hastahili. Aliyekodi nusu ekari na kuweka mbegu zake, anastahili. Kwenye mashamba ya pamoja ya wakimbizi, ambapo kila familia ina matuta yake, neno lilikuwa moja: mauzo ya nani yameandikwa kwa jina la nani? Pale ambapo mradi uliuza mboga zote kwa pamoja na kugawa pesa bila daftari la kila mtu, ilikuwa shida tupu.

Ilinibidi niwe raia?

La. Raia na wenye grini kadi walistahili. Mgeni asiye na grini kadi naye aliweza, kwa sharti zito zaidi: atoe yeye mwenyewe ardhi, mtaji na sehemu kubwa ya kazi ya mikono shambani. Ardhi ya kukodi iliingia katika mazungumzo hayo, na hapo ndipo watu walipotakiwa kuonyesha mkataba wa kukodi, si maneno ya mdomo.

Nilisikia ukichukua hela ya serikali unaharibu faili lako la uhamiaji.

Swali hili lilizuia watu wengi kuliko fomu zote. Kanuni kali ya wanaohesabiwa kuwa mzigo kwa serikali ilianza kutumika Februari 24, 2020 na kuondolewa Machi 2021, kwa hiyo hofu ilikuwa na msingi. Lakini kanuni ile ilikuwa na orodha: msaada wa fedha wa kujikimu, kuponi za chakula, Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), nyumba za ruzuku. Malipo ya CFAP ni ya biashara ya kilimo na hayakuwemo. Wapo waliokaa kimya kwa sababu ya neno lililopita kwenye kikundi cha WhatsApp.

Fomu zilikuwa ngapi, na zilipelekwa wapi?

Kwenye ofisi ya kaunti ya Farm Service Agency, ambayo kila mtu anaiita FSA. Ziko zaidi ya 2,100 nchi nzima. Wakati ule nyingi zilikuwa hazipokei mtu mlangoni; ulipiga simu, ukapewa miadi, ukatuma karatasi kwa barua au mtandaoni.

Fomu ya maombi yenyewe ilikuwa AD-3114 kwa awamu ya kwanza na AD-3117 kwa ya pili, na kwa kweli haikuwa ngumu. Kilichowachosha watu wapya ni zile za kuandamana nayo: AD-2047 ya jina na anwani, CCC-941 ya kuthibitisha kipato, AD-1026 ya ahadi kuhusu ardhi inayomomonyoka na maeneo oevu, SF-3881 ya akaunti ya benki, na CCC-901 kama ni kampuni au kikundi. Mkulima mkubwa wa mahindi wa Iowa alikuwa na hizo zote kwenye faili tangu miaka iliyopita, kwa sababu alishapokea malipo ya vita vya biashara na China. Yeye alisaini karatasi moja. Mgeni alianza na tano au sita, kwa Kiingereza cha serikali, kupitia simu inayokatika.

Nakumbuka fomu ya AD-1026 tulivyoizungusha mezani, mzee mmoja akiuliza kwa nini aahidi kutolima kinamasi wakati robo ekari yake iko nyuma ya kanisa, juu ya mchanga mkavu. Nilimwambia asaini tu. Alisaini, ila kwanza aliisoma yote, kila mstari, na kidole.

Mkalimani alipatikana?

Kwa sheria, ndiyo. Agizo la rais namba 13166 la mwaka 2000 lilizitaka ofisi za serikali kuu ziwahudumie wasiojua Kiingereza vizuri. Lilifutwa Machi 2025. Wakati wa CFAP liliku­wa bado hai, na uliweza kuomba mkalimani bila malipo. Lakini ilibidi ujue kwamba unaweza kuomba.

Niliandika mauzo kwa kukisia. Kuna shida?

Maombi yalikwenda kwa kiapo: unasema mwenyewe, unalipwa, na FSA inaweza kukuita baadaye uonyeshe. Baadhi ya watu waliitwa kweli. Risiti, daftari, taarifa ya benki, hata kitabu cha soko la wakulima vilikubaliwa. Ukikosa ushahidi unarudisha hela pamoja na riba, na aliyedanganya kwa makusudi anakabiliwa na kesi. Nyaraka zilitakiwa zitunzwe miaka mitatu tangu ombi kukubaliwa. Kwa wengi muda huo umepita. Mimi bado nisingezitupa.

Hela hii ina kodi?

Ina kodi. Ni kipato cha shamba, inaandikwa kwenye Schedule F (karatasi ya mapato ya shamba kwenye fomu ya kodi), na ulitumiwa fomu 1099-G (taarifa ya malipo kutoka serikalini). Kama hukuiandika mwaka ule, zungumza na mhasibu kabla IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haijazungumza na wewe.

Niliweza kuchukua CFAP pamoja na mkopo wa PPP?

Ndiyo. PPP ulikuwa mkopo wa serikali wa kusaidia biashara ndogo wakati wa korona, na kimoja hakikuzuia kingine. Tena sheria ya Desemba 2020 iliwaruhusu wakulima wanaojaza Schedule F wapige hesabu ya PPP kwa mapato ghafi badala ya faida. Mkulima mdogo mara nyingi faida yake kwenye karatasi ni sifuri au hasi, kwa hiyo badiliko hilo lilifungua mlango uliokuwa umefungwa.

Kiwango cha juu kilikuwa kipi?

Dola 250,000 kwa mtu mmoja kwa kila awamu. Kampuni ingeweza kufika 750,000 kama wenye hisa watatu kila mmoja alifanya angalau saa 400 za kazi au usimamizi. Wenye kipato cha wastani kinachozidi dola 900,000 walizuiwa, isipokuwa kama asilimia 75 ya kipato hicho ilitoka kwenye kilimo, ufugaji au misitu.

Kwa hiyo nani alifaidi?

Mwenye vingi alipata vingi. Mpango unaolipa kwa kichwa cha ng'ombe lazima umpe mwenye vichwa elfu kuliko mwenye kumi. Hilo halihitaji njama. Lakini kuna namba ambayo ukubwa wa shamba peke yake hauielezi vizuri. Machi 2021 Vilsack alisema hadharani kwamba, kati ya karibu dola bilioni 26 za CFAP zilizokuwa zimelipwa, wakulima weusi walipata milioni 20.8. Hiyo ni kama asilimia 0.1. Sensa ya kilimo ya 2017 iliwahesabu kuwa asilimia 1.4 ya wazalishaji. Mashamba yao mengi ni madogo, ni kweli, na mengi ni ya ng'ombe wachache na mboga. Ila pia ni watu ambao baba zao walifukuzwa kwenye ofisi hizohizo za kaunti walipokwenda kuomba mkopo, na mtu haendi kugonga mlango uliomfukuza baba yake.

Bunge lilijaribu kurekebisha Machi 2021 kwa dola bilioni 4 za kufuta madeni ya wakulima weusi na wa jamii nyingine zilizobaguliwa. Wakulima weupe wakashtaki, mahakama zikasimamisha, na Agosti 2022 kifungu kikafutwa. Badala yake ukaja mfuko wa waliobaguliwa katika mikopo ya USDA, ambao Julai 2024 uliwalipa zaidi ya watu 43,000 jumla ya kama dola bilioni 2.

Kulikuwa na kitu kingine kwa mashamba madogo baada ya CFAP?

Kulikuwa na ruzuku ya 2021 iliyorudisha gharama za kujikinga na korona, dola 1,500 hadi 20,000: barakoa, mahema ya kuuzia nje, usafirishaji wa mboga majumbani. Hii ilimfaa muuzaji wa mtaani kuliko CFAP yote. Ilitaka namba ya DUNS (namba ya kuitambulisha biashara), na kwa baadhi ya watu namba hiyo ilikuja dirisha likiwa limefungwa. Mwaka 2023 ukaja PARP, mpango mwingine wa USDA, kwa ambaye mapato yake ya 2020 yalishuka kwa angalau asilimia 15 kulinganisha na 2018 au 2019. Hapo angalau waliuliza hasara yako wewe, si ya taifa.

Nyumbani je, Kenya ilifanya nini?

Mei 23, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7. Ndani yake bilioni 3 zilikuwa za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000 kupitia vocha za kielektroniki, na bilioni 1.5 za kuwasaidia wakulima wa maua na mboga wafikie masoko ya nje, baada ya waridi kutupwa Naivasha kwa kukosa ndege na wanunuzi. Marekani ililipa msimu uliopita. Kenya ililenga mbegu na mbolea za msimu unaokuja. Ukiniuliza mimi, yule mama wa kuku 200 angechagua gunia la chakula cha kuku.

Nifanye nini sasa kama nalima na sijawahi kwenda FSA?

Nenda ujiandikishe upate namba ya shamba, hata kama ni robo ekari, hata kama umekodi. Ni bure. Peleka kitambulisho, mkataba wa ardhi na namba ya akaunti. Jaza AD-2047 na AD-1026 siku hiyohiyo. Kisha nunua daftari la dola mbili, na kila Jumamosi jioni, kabla hujapakua meza kwenye gari, andika: tarehe, umeuza nini, kiasi gani, shilingi ngapi. Samahani, dola ngapi.